Mafao ya mafundi wa vifaa vya nyumbani: mwongozo kamili kwa mwenye karakana

Karakana nyingi za friji, mashine za kufulia, televisheni, majiko na feni katika miji yetu zina bosi mmoja, mafundi wachache na vijana wawili watatu wanaojifunza kazi. Bosi akiwa mtu mwema, fundi akiugua anapewa hela ya dawa, akifiwa anapewa nauli, na sikukuu ikifika anapata mchele na mafuta. Huo ni utu, na usiachwe. Lakini utu huo hauwezi kumlea kwa miaka kumi mtu aliyeanguka kutoka ghorofani akifunga AC, wala hauwezi kumlipa pensheni mzee wa miaka 60 ambaye macho yake hayaoni tena vipuri vidogo kwenye bodi ya televisheni.

Ninachosisitiza katika mwongozo huu ni kimoja: stahili ya mfanyakazi ni ile anayoijua kabla hajaihitaji, iliyoandikwa, na isiyotegemea bosi ameamkaje siku hiyo. Karakana ndogo inaweza kuitoa. Gharama yake inahesabika, na kwa sehemu kubwa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Viwango vilivyomo humu ni vya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, kwa hiyo aliyeko Unguja au Pemba achukue mpangilio wa hatua na atafute viwango vya huko.

Hatua ya 1: Amua kwa ukweli nani ni mfanyakazi wako

Hapa ndipo karakana nyingi zinakwama. Bosi atakwambia, "Sijaajiri mtu, tunagawana tu. Kazi ikilipwa mimi nachukua sitini, fundi arobaini." Anaamini kwamba kwa kuwa hakuna mshahara wa mwezi, hakuna ajira.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haiangalii mnaitana nani. Inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya haya: namna anavyofanya kazi inasimamiwa na mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya shughuli za taasisi, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi au zaidi katika miezi 3 iliyopita, anategemea kipato kutoka kwa mtu huyo, anapewa zana au vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Sasa mtazame fundi wako. Anafika saa mbili asubuhi, anafunga saa kumi na mbili jioni. Anatumia mita yako, mtungi wako wa gesi na pampu yako ya vakyumu. Mteja anakupigia wewe, nawe unamtuma yeye. Huyo ni mwajiriwa wako, hata kama mnagawana. Aliye tofauti ni fundi mwenye kibanda chake na zana zake, unayempelekea kompresa moja moja ukizidiwa, naye anakutajia bei yake kama anavyowatajia wengine.

Vijana wanaojifunza nao wahesabiwe. Kijana anayebeba friji, kusafisha kondensa na kupokea wateja kutwa nzima anafanya kazi. Aliye chini ya miaka 18 asiwekwe kwenye kazi za hatari, na humu mwetu kazi za hatari ni nyingi: moto wa kulehemu, gesi, umeme, kupanda juu.

Andika orodha ya majina yote. Mbele ya kila jina andika tarehe aliyoanza, kazi anayofanya na wastani wa alichopokea kwa miezi mitatu. Orodha hiyo utaitumia katika kila hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Andika mkataba unaoijua kazi yenyewe

Mikataba ya kunakili mtandaoni haisaidii sana, kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina, umri na anwani yake, mahali alikoajiriwa, kazi yake, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi, na ujira na namna unavyokokotolewa. Hayo ni ya lazima. Kwenye ufundi wa vifaa vya nyumbani ongeza mambo manne, kwa kuwa ugomvi mwingi huanzia hapo.

La kwanza, mahali pa kazi. Andika kuwa ni karakana na nyumba za wateja anakotumwa, pamoja na njia ya kwenda na kurudi. Akigongwa na gari akiwa kwenye bodaboda kwenda kutazama mashine ya kufulia ya mteja, maandishi hayo yatasaidia kuonyesha kwamba alikuwa kazini.

La pili, kamisheni. Inahesabiwa kabla ya kutoa bei ya spea au baada yake? Kwenye friji iliyobadilishwa kompresa, tofauti ya hapo ni kubwa. Toeni mfano wa tarakimu ndani ya mkataba wenyewe.

La tatu, kazi iliyorudi. Umempa mteja dhamana ya miezi mitatu, na friji imerudi haigandishi. Fundi analipwa kwa kuirudia? Ninavyoona mimi, ikiwa spea ndiyo iliyokufa, fundi alipwe muda wake kama kawaida, kwa kuwa spea uliichagua na kuinunua wewe. Ikiwa kiungo kilivuja kwa sababu ya ulehemu mbovu, airudie ndani ya saa zake za kawaida, akiendelea kupata mshahara wa msingi lakini bila kamisheni ya pili. Mnaweza kukubaliana vingine, mradi iandikwe.

La nne, nauli na vocha. Fedha ya kumwendea mteja na ya kumpigia simu ni gharama ya biashara. Isihesabiwe kama zawadi kwa fundi.

Hatua ya 3: Tenganisha mshahara wa msingi na kamisheni, kisha piga hesabu

Kamisheni peke yake ni mbaya kwa fundi na kwako pia. Mwezi ambao joto limepungua, friji zinapungua, na fundi aliyezaliwa na ujuzi mikononi anakwenda kuuza chipsi. Weka mshahara wa msingi usioshuka chini ya kima cha chini cha sekta yako. Viwango hivyo hutangazwa kwa Amri ya Mishahara na hubadilika baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi ya mkoa wako sekta yako ni ipi na kiwango cha sasa ni kipi. Kamisheni iwe juu ya msingi huo.

Tuchukue fundi mwenye msingi wa shilingi 400,000 kwa mwezi, na kwa sasa tuache kamisheni pembeni ili hesabu ionekane vizuri.

Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa kawaida nusu inakatwa kwake na nusu unatoa wewe, yaani 40,000 na 40,000. Kodi ya mshahara, PAYE, inahesabiwa baada ya kutoa mchango wake: 400,000 kutoa 40,000 inabaki 360,000. Sehemu isiyozidi 270,000 haina kodi. 90,000 iliyobaki inatozwa asilimia 8, yaani 7,200. Fundi anaondoka na 352,800 mkononi.

Kwa upande wako: mshahara 400,000, NSSF 40,000, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5 ambayo ni 2,000. Jumla 442,000. Ukiwa na wafanyakazi 10 au zaidi inaongezeka tozo ya mafunzo ya ufundi stadi, SDL, asilimia 3.5, yaani 14,000. Karakana yenye mafundi watano haigusi tozo hiyo.

Fedha nyingine ni ile isiyoonekana kila mwezi. Likizo ya mwaka ni karibu mshahara wa mwezi mmoja anaolipwa bila kuwepo benchini. Gawanya kwa 12 utapata kama 33,300. Kiinua mgongo akija kuachishwa ni ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa mshahara huu ni kama 107,700 kwa mwaka, karibu 9,000 kwa mwezi. Tenga fedha hizo kwenye akaunti tofauti au laini tofauti ya simu. Fundi wa 400,000 kwa kweli anakugharimu kama 484,000. Bei zako kwa wateja zitoke kwenye namba hiyo.

Kila mwezi mpe hati ya mshahara inayoonyesha msingi, kamisheni, saa za ziada, kila kilichokatwa na alichopokea. Ukilipa kwa simu, ujumbe wa muamala hautoshi kuwa hati. Na usiifiche kamisheni nje ya hati: ni kipato kinachotozwa kodi, na siku fundi akipata ajali au akitaka mkopo, kipato kisichoandikwa ni kama hakikuwahi kuwepo.

Hatua ya 4: Jisajili WCF kabla ya kitu kingine chochote

Kama mwezi huu unaweza kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Kwa fundi wa mfano wetu gharama ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mchango wote ni wa mwajiri. Ni marufuku kumkata mfanyakazi hata senti.

Mfuko huu ulianzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 na unapokea michango tangu Julai 2015. Mfanyakazi akiumia, akiugua au kufa kutokana na kazi, mfuko unagharimia matibabu, unamlipa sehemu ya kipato anapokuwa hawezi kufanya kazi kwa muda (asilimia 70 ya kipato chake, hadi miezi 24), unamlipa ulemavu wa kudumu ukibaki, unatoa utengamao (huduma za kumrudisha katika hali ya kujimudu), na akifariki unawalipa wategemezi na kusaidia mazishi. Hakuna mwenye karakana ya mafundi watano anayeweza kubeba hayo mfukoni mwake.

Ajali za kazi hii tunazijua. Kapasita ya maikroweivu hubaki na chaji ya volti zaidi ya elfu mbili hata baada ya plagi kuchomolewa. Friji nyingi mpya zinatumia gesi ya R600a, inayowaka moto, na fundi aliyezoea gesi ya R134a, isiyowaka kirahisi, anaweza kupeleka tochi kwenye bomba ambalo bado lina gesi. Mashine ya kufulia ina zege zito ndani yake, na migongo inaharibika kwa kuishusha ngazi za ghorofa ya nne.

Utaratibu wa siku ya ajali uandike na uubandike ukutani:

1. Kata umeme au funga gesi, mtoe aliyeumia, mpeleke hospitali.
2. Siku hiyohiyo andika nini kilitokea, saa ngapi, wapi, nani aliona. Piga picha.
3. Toa taarifa WCF ndani ya siku 7.
4. Tunza risiti na karatasi zote za hospitali, pamoja na hati zake za mshahara.

Ugonjwa unaotokana na kazi nao umo, ingawa watu husahau: mapafu ya aliyevuta moshi wa kulehemu miaka mingi, au masikio ya anayekaa karibu na kompresa.

Hatua ya 5: NSSF, na namna ya kuieleza kwa fundi

Jisajili kama mwajiri, sajili kila fundi kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa, kisha wasilisha michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha. Ukichelewa unatozwa adhabu. Kumkata fundi halafu usiwasilishe ni kosa la jinai, na mimi nalihesabu ni wizi.

Mafundi wengi, hasa vijana, watakuomba uwape hiyo elfu arobaini mkononi. Usikubali, ila usiwadharau pia. Kaa nao uwaeleze. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima miaka 60. Fundi wa miaka 30 akianza leo ana nafasi ya kutosha. Anayeanza na miaka 50 muda umembana. Na si uzee tu: kuna fao la uzazi, la ulemavu, la warithi, la msaada wa mazishi na la kukosa ajira. Waonyeshe namna ya kuangalia michango yao wenyewe. Fundi anayeona namba ikipanda kila mwezi haombi tena apewe mkononi.

Hatua ya 6: Matibabu ya kawaida

WCF haimtibu fundi malaria wala haimtibu mtoto wake. Kwa hilo kuna bima ya afya. Kwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, mchango wa mwajiriwa ni asilimia 6 ya mshahara, mnagawana nusu kwa nusu: kwa 400,000 ni 12,000 kila upande. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaelekeza nchi nzima huko, kwa hiyo anayeanza sasa anajiweka sawa mapema. Bima ikichelewa, tenga mfuko mdogo wa dharura wenye kiwango kilichoandikwa, kila mtu ajue anastahili kiasi gani. Mfuko usio na kiwango huishia kwa yule anayejua kuomba.

Hatua ya 7: Saa na likizo

Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Saa za ziada hazizidi 50 katika wiki nne, nazo hulipwa mara moja na nusu. Kwa fundi wetu saa moja ya kawaida ni kama 2,050 na ya ziada kama 3,080. Siku ya mapumziko na sikukuu ya serikali hulipwa mara mbili. Wateja wengi hupatikana nyumbani Jumapili, kwa hiyo panga zamu, na bei ya Jumapili iwe juu kidogo. Mteja mwelewa atalipa.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo, na sikukuu zinazoangukia humo zimehesabiwa. Wapangie mapema: msimu wa joto friji na AC huwa nyingi, basi likizo za mafundi wa majokofu ziende kwenye miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika miezi 36: siku 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, kwa cheti cha daktari. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba ana siku 3 ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto. Akifiwa na mwenza, mtoto, mzazi, ndugu, babu, bibi au mjukuu, au mtoto wake akiugua, ana siku 4 zenye malipo.

Hatua ya 8: Vifaa vya kinga na zana

Vifaa vya kinga unanunua wewe, bila kumkata fundi. Hivyo ndivyo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inavyotaka. Anza na viatu vya soli ya mpira, miwani, glavu za umeme na za moto, mkanda wa kujifunga anayepanda juu, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza. Feni ya kuvuta moshi kwenye meza ya kulehemu haina bei kubwa. Sajili karakana kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na wapime mafundi afya wanapoanza na baadaye kwa vipindi.

Zana ni jambo jingine. Mafundi wengi wanapenda zana zao binafsi, na wana haki. Nashauri karakana inunue zile za bei kubwa, kama pampu ya vakyumu, geji na mitungi, na fundi alipwe posho ya zana kwa zile anazoleta mwenyewe: bisibisi, koleo, mita. Andika orodha ya zana za kila mmoja ili siku akiondoka asiulizwe maswali ya aibu.

Hatua ya 9: Mafunzo na cheti

Kwa fundi aliyejifunzia mtaani, hii huenda ndiyo zawadi kubwa kuliko zote. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyepata ujuzi nje ya darasa. Lipa ada na umpe siku zake za tathmini kwa malipo. Wapo mabosi wanaoogopa kwamba akipata cheti ataondoka. Wengine huondoka kweli. Lakini fundi mwenye cheti anakufungulia milango ya hoteli, hospitali na ofisi ambazo hazimpi kazi mtu asiye na karatasi, na anayebaki kwako anabaki kwa hiari yake.

Hatua ya 10: Kifaa cha mteja kikiharibika

Bodi ya televisheni imeungua mezani, mteja anadai, bosi anakata mshahara wote wa mwezi. Jambo hili ni la kawaida na ni kinyume cha sheria. Unaweza kumkata fundi kwa hasara tu ikiwa ilitokea akiwa kazini kwa kosa lake, umemweleza kwa maandishi sababu, kiasi na namna ulivyokokotoa, umempa nafasi ya kupinga, amekubali kwa maandishi, jumla ya deni haizidi hasara halisi, na makato hayazidi robo ya ujira wake. Kwa msingi wa 400,000, robo ni 100,000.

Nenda mbele ya hapo. Tenga asilimia ndogo ya kila kazi kuwa mfuko wa uharibifu, na makato ya fundi yabaki kwa uzembe ulio wazi. Fundi anayeogopa kukatwa huficha kosa, na mteja anarudishiwa kifaa chenye hitilafu iliyofunikwa.

Hatua ya 11: Fundi akiondoka

Anayelipwa kwa mwezi anahitaji notisi ya siku 28. Siku 7 ikiwa ni ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi. Ukimwachisha, mpe sababu halali na nafasi ya kujieleza. Siku ya mwisho mlipe ujira wa siku alizofanya, kamisheni za kazi alizomaliza hata kama mteja hajachukua kifaa, likizo ambayo hajachukua, notisi kama hakuitumikia kwa uamuzi wako, na kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka, kisichozidi miaka 10, kama ametimiza miezi 12 na hakuachishwa kwa utovu wa nidhamu. Mpe cheti cha utumishi. Mrudishie zana zake kwa kufuata ile orodha, na mwandikie NSSF tarehe aliyoacha kazi. Asiporidhika, ana siku 30 za kupeleka lalamiko la kuachishwa isivyo halali kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na siku 60 kwa madai mengine. Kwa hiyo tunza nakala za hati zake zote, hata za fundi mliyeagana kwa amani.